Nilifumua abacost ya bwana yangu: neno kwa wenye kuogopa open source

Wakuu, jambo yenu. Miye ni koko, bibi ya batu, niko Bagira. Masomo yangu iliishia chini, lakini hii niliifanya na mikono yangu. Kama nasema bongo, ni kusema uwongo, bugali ya leo inikwame mu koo.

Mujukuu wangu wa kike ameondoa mu ordinateur, kompyuta yake, ile système ya kulipia, yenye haukubaliwi kuona ndani yake. Ameweka ya open source, yenye kila mutu anaweza kufungua na kuona ndani. Sasa imprimante, ile mashine ya kuchapa karatasi, inakataa, naye hatulii, anazunguka nyumba sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga.

«Koko, nirudilie ya zamani?»

Nikamuambia: keti kwanza, nikuelezee abacost.

Ilikuwa wakati ya Zaïre. Kravati, tai ya shingo, ilikatazwa, mwanaume wa bureau, wa ofisi, alivaa abacost, koti ya kola. Kwetu tailleur, fundi wa kushona, mumoja tu ndiye alijua kukata ile kola isimame. Aliikata nyuma ya rideau, pazia yake, mutu asione. Na ukishonesha hata kiwiko kwa mutu mwingine, anakufukuza.

Bwana yangu alikuwa na moja tu. Doublure, kitambaa ya ndani, ikapasuka, nikaishona miye. Tailleur akaona uzi yangu.

«Maman, hii haiko tena kazi yangu. Rudisha kwenye ulipeleka.»

Na lundi, siku ya kwanza ya kazi, chef mukubwa alikuwa anafika ku bureau. Bila abacost, bwana yangu hangepita hata mulango.

Samedi, siku mbili mbele ya ile lundi, akaenda ku kilio ya mufu Nyantende. Nikabaki naangalia ile koti. Naketi, nasimama. Natoka ku barza, narudi. Maharagi ikaungua.

Nikakamata wembe. Nikaifumua yote.

(Kufumua haiko kupasula, wakuu. Unafuata uzi, unakumbuka njia yake.)

Mu kola munajua nilikuta nini? Kipande ya sac, gunia ya unga, ndiyo ilisimamisha kola! Maandishi ingali juu yake. Ile siri yote ya rideau! Nilicheka mpaka jirani akauliza kama nimelewa.

Bwana akarudi mbele ya saa, akakuta koti iko vipande ku mukeka.

«Maman Furaha, nani amechinja koti yangu?»

«Ni miye. Kula.»

«Na lundi nitavaa nini? Kikwembe yako ya kujifunga?»

Nilichora kila kipande na makala ya jiko ku karatasi ya simenti, nikashona. Dimanche misa ikanipita. Kola ikalala. Nikafumua. Ikalala tena. Kumbe nilikuwa nimegeuza kile kipande ya sac. Nikakirudisha sawa, ikasimama.

Lundi akaenda. Bega moja ilipanda kidogo, ndiyo.

Chef akamuuliza, na jina tuliitana wakati ile: «Citoyen, nani anakushoneaka?»

«Muke wangu.» Na kifua mbele!

Karatasi yangu sikuificha. Bamama ba mutaa ya Cimpunda wakaichora yao. Mumoja akapanua kola ya wanaume wa shingo nene, akaniletea. Yake ilikuwa muzuri kupita yangu, nami nikajivuna sawa ni yangu.

Fundisho: kitu yenye unakatazwa kufumua haiko yako, hata kama unaivaa. Na siri ingine iko sac ya unga tu.

Mujukuu amerudi ku ordinateur, anafumua. Imprimante ingali kimya. Sasa ni miye nazunguka nyuma ya kiti yake.

Mwenye amepita ile njia ya imprimante aandike hapa, haraka. Na mwenye anataka kucheka bega yangu, acheke: bwana aliivaa mpaka ikachakaa, hakurudi tena nyuma ya rideau.