Vimsalaba vya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Ardis Tollefson alikuwa na msimamo mkali kuhusu mbwa. Riwaya yoyote ambayo mbwa anakufa, alisema, mwandishi wake afungiwe ghalani majira yote ya baridi apewe supu iliyopoa. Hakuwa na simile katika mambo ya vitabu. Mapenzi lazima yaanze na ugomvi, tena ugomvi wa kipuuzi. Mwanamume tajiri kupita kiasi hamwamini. Msichana asiye na kazi yake ya kufanya asisumbue watu kwa habari za kuolewa. Na kwenye safari za hatari, meli moja kuzama inatosha. Ikizama ya pili, nahodha ni mjinga, na huyo binti anamfuata wa nini?

Haya aliyasema kila Alhamisi mbele ya rafu ya riwaya nyepesi, katika maktaba ya Vang, mji mdogo wa Dakota Kaskazini ambako mtu asiye na ngano ya kulima wala jirani wa kumsengenya hana budi kusoma. Watu walikuja makusudi kumuuliza wachukue kipi. Mpinzani wake alikuwa Orville Brekke, mkulima mstaafu ambaye hajaiona bahari tangu azaliwe na hasomi ila vitabu vya maharamia.

"Kurasa mia tatu kungoja busu moja!" Orville alimchokoza. "Mimi nikingoja hivyo ngano inaozea shambani."

"Ndiyo maana Bernice alikukataa mara mbili, mzee wewe. Hujui kungoja."

"Mara ya tatu si alikubali?"

"Alichoka tu."

Wasomaji wa Vang wana desturi yao, na Marlys, mkutubi, hujifanya haioni. Ukimaliza kitabu unatia alama ndogo ya penseli kwenye ukurasa wako, ili siku nyingine usibebe nyumbani kitabu ulichokwisha kukisoma, maana hivi vitabu majalada yake yanafanana kama vifaranga. Orville hutia nukta ukurasa wa saba. Ardis hutia kimsalaba, kama mshono wa sindano, ukurasa wa thelathini na moja, kwa kuwa aliolewa akiwa na umri huo, mji mzima ulipokuwa umemkatia tamaa. Kurudia kitabu alikuona kama kula kiporo ilhali cha leo kipo mezani.

Wakati wa mavuno mwaka huo alitoka kanisani akiendesha gari kurudi nyumbani, akajikuta mbele ya maghala ya ngano ya mji wa jirani, hajui amefikaje. Haukupita muda akasahau sufuria jikoni mpaka ikaungua na pazia likashika moto. Binti yake Corinne akaja kutoka Fargo na uso wa msiba.

"Mama, kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu. Wana chumba."

"Chumba ninacho. Umezaliwa humu."

"Ungeungua, Mama!"

"Pazia lenyewe lilikuwa baya. Sikiliza, Corinne. Akili yangu nzima. Njoo maktaba Jumamosi ya wiki ijayo uniulize kitabu chochote. Nikishindwa, nifungie virago mwenyewe, sitasema neno."

Corinne akakubali. Ukweli ni kwamba na yeye alikuwa akitafuta kisingizio cha kutomhamisha mama yake.

Wiki hiyo Ardis alisoma kufa na kupona. Kitabu kimoja kilikuwa na mashua ya manjano kwenye jalada. Ndani yake mwoka mikate anarithi kivuko cha mtoni, na mpima ardhi mkaidi anakuja kutafuta hazina iliyozama hapohapo kivukoni. Ardis alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Jumamosi ilipofika aliwahi maktaba mapema, kabla ya Corinne, kukirudisha kwa shangwe.

"Marlys! Hiki ndicho bora cha mwaka huu. Mwanamume anajua kuomba radhi bila kupiga magoti. Na mbwa amebaki hai!"

Marlys alitabasamu, kisha akainamia kazi yake haraka kuliko kawaida.

Ardis akachukua penseli, akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Palikuwa na vimsalaba viwili tayari.

Alidhani ni vya mtu mwingine. Lakini vilikuwa vimelala upande wa kushoto kidogo, kama mwandiko wake wote ulivyolala. Akavuta kitabu kingine rafuni, vimsalaba vitatu. Kingine, vinne, cha mwisho kimebonyezwa kwa nguvu, kana kwamba mtu aliyekitia alikuwa na hasira. Hata siku aliyomzika mume wake hakuwahi kushikwa na hofu ya namna hii, maana siku ile alijua nani ameondoka.

Akaona raba mezani kwa Marlys. Akaichukua, akaketi sakafuni, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kufuta. Alifuta ovyo, karatasi nyingine zikakunjana, machozi yanamtiririka bila sauti.

Orville akaingia, akasimama juu yake. "Unafanya nini, wewe mwanamke?"

"Nasafisha."

Orville akainama, akaona ukurasa ulivyo. "Ardis. Ukizifuta alama, utajuaje ulichosoma?"

"Corinne anakuja. Akiona hizi nimekwisha. Nakuomba, bwana, sogea. Unazuia mwanga."

Marlys naye alikuwa amefika. Akachuchumaa kando yake.

"Wewe ulijua," Ardis akamwambia.

"Tangu theluji ilipoyeyuka."

"Ukaninyamazia! Mlikuwa mnanicheka?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka," Marlys akasema. "Kile cha mashua umekisoma mara tatu, Ardis. Kila mara unakuja mbio, unasema mwanamume anajua kuomba radhi bila kupiga magoti. Maneno hayohayo. Ningekunyang'anyaje?"

Ardis akamshika mkono, akaubana. "Usimwambie. Nyumba yangu, Marlys. Sina kingine. Usimwambie."

Marlys akachukua kitabu kingine, akamshikia kikiwa wazi, Ardis akafuta. Orville akawa anawatolea vitabu rafuni kimoja kimoja, uso wake umegeukia dirishani.

Corinne alipoingia, mama yake alikuwa kitini, koti limepanguswa. Corinne akaokota kitabu kilichokuwa juu mezani, chenye mashua ya manjano. "Haya, Mama. Hiki je?"

Ardis akamsimulia chote: kivuko, hazina, ugomvi wa kipuuzi juu ya kamba iliyokatika, hata jina la mbwa. Corinne akacheka mpaka akalia. Akasema basi, abaki mpaka majira ya kuchipua, kisha wataona. Ardis alitoka amemshika binti yake mkono.

Krismasi ikapita. Corinne akaja tena kumtembelea, baridi ikiwa kali hata magari yanagoma kuwaka. Walikwenda kunywa kahawa na pai, kisha wakapita maktaba kabla ya kurudi nyumbani. Orville alikuwepo, amekaa karibu na kipasha joto na maharamia wake.

Ardis akaenda kwenye rafu yake, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu kama afanyavyo siku zote. Akatoa kimoja. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha. Mweupe kabisa. Moyo wake ukafurahi, kwa kuwa siku hizi vitabu vipya vilikuwa adimu Vang.

"Marlys, mbona hukuniambia mmeleta kipya? Ona hii mashua ya manjano ilivyo nzuri."

Orville akafunga kitabu chake. Marlys akashika ukingo wa meza.

Corinne alikuwa mlangoni akifunga vifungo vya koti. "Kinahusu nini, Mama?" akauliza polepole.

"Nitajuaje, mwanangu? Ndiyo kwanza nakishika," Ardis akasema, akimnyooshea kitabu amtazamie kama ndani kuna mbwa.

Corinne akavifungua vifungo kimoja kimoja, akavuta kiti, akakaa.