Kabuti Nililolitoa kwenye Furushi la Mume Wangu

Nyinyi vijana mnaojua kusoma, kaeni mnisikilize. Siandiki kuwafurahisha. Kuandika kwenyewe nimejifunza uzeeni, darasa la watu wazima, na herufi zangu zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Lakini ninachokijua nakijua, na leo nakitoa.

Nilikosa. Nilitenda ubaya kwa mikono yangu hii, mtu akafa, na ubaya wenyewe nikambandika mtu mwingine. Jina langu silitaji. Watu wa mtaa wetu wa Gongoni, hapa Tabora, watanijua tu, na wanijue.

Juzi nilikwenda stesheni ya Tabora kumpokea mgeni wangu kutoka Tura. Nikakuta vijana wa shule wanangoja gari moshi, wanapelekwa kupanda mlima. Mmoja amefungua mfuko wake pale chini anawaringia wenzake. Shati jeupe lililopigwa pasi! Kitana! Viatu vinang'aa mpaka unajiona sura! Nikamwuliza, "Wewe, blanketi liko wapi?"

Akacheka. "Bibi, ni siku chache tu!"

Siku chache tu! Nilitaka kumzaba kofi mbele ya watu. Sikumzaba. Nilishika ukuta, maana maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi kabla baba yake hajaota ndevu.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Mjerumani alikwisha ondoka, Mwingereza ndiyo kwanza anapanga mambo yake. Mume wangu alikuwa mpagazi, mtoto wa wapagazi. Baba yake alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani. Reli ilipokuja watu wakasema kazi ya kubeba mizigo kichwani imekwisha. Uongo! Reli haipandi mlima. Mzungu akitaka kwenda mahali gari halifiki, anakuja Tabora kutafuta Wanyamwezi.

Mimi nilikuwa mke mkubwa. Bi Mdogo alitoka Uha, huko milimani. Mume wangu alimkuta katika safari zake akarudi naye. Mwanamke mrefu, mpole, Kiswahili chake kizito, ana mtoto mchanga. Kila asubuhi alipiga goti mlangoni pangu, "Shikamoo, dada." Nami namwitikia marahaba huku natazama pembeni. Nilimchukia. Hakunifanyia neno lolote! Nilimchukia kwa sababu mume wetu alikuwa anacheka akiwa chumbani kwake, na kwangu hacheki.

Siku moja akaja Mzungu wa upimaji wa ardhi. Anataka watu wa kumbebea saruji na vyombo mpaka juu ya milima ile iliyo kusini ya Kigoma, kando ya ziwa. Kupanda, kujenga alama yake, kushuka. Mume wangu akaandikishwa. Na mdogo wangu, ndugu yangu wa tumbo moja, akaandikishwa naye. Wale wawili walikuwa mashemeji wa kutaniana kutwa. Ukiwasikia utadhani wanagombana.

Sasa shikeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penye dhambi.

Nyumbani kwetu, watu wa safari, furushi la mwanamume hufungwa na mke mkubwa. Analifunga ndani, peke yake, anamkabidhi mlangoni. Likishapigwa fundo, halifunguliwi mpaka mwenyewe alale njiani. Mtu mwingine akilifungua, au mwenyewe akilifungua kabla ya kulala, basi ameifungulia safari mkosi. Ndivyo tulivyolelewa. Mume wangu hakuuliza hata siku moja nimetia nini. Angeniuliza angekuwa ananitukana.

Bi Mdogo alikuja kwangu amebeba kabuti, blanketi zito na fulana. Kabuti lile la askari wa vita, zito, la sufu, lina vifungo vya shaba. Alilinunua kwa askari aliyerudi vitani, kwa mahindi yake mwenyewe. Mume wetu alikuwa amekaa uani anapaka mafuta mikanda ya mzigo, akamwona.

"Dada," akasema, "mtilie hili. Na blanketi, na fulana ya sufu. Kule juu mvua haina msimu. Nguo ikilowa haikauki mpaka mtu ashuke. Awe na ya kutembelea, na ya kulalia awe nayo mbali, kavu, isiguswe mchana."

Nikamwambia, "Leo wewe ndiye wa kunifundisha kufunga mzigo?"

"Hapana, dada. Mimi nimezaliwa kwenye baridi hiyo."

"Baridi! Tabora kipupwe kikipiga hatulali nje? Ni siku chache tu. Weka hapo utoke."

Akaviweka juu ya furushi lililokuwa bado wazi, akatoka.

Nikabaki na furushi. Nikalitazama lile kabuti. Lilikuwa linanuka moshi wa chumba chake. Nikajisemea, mume wangu ashuke Kigoma amevaa kabuti la Bi Mdogo, watu waulize nani kamvika, ajibu nani? Sisi tunajua, msafara ukifika mji hujipamba kwanza. Wazee wetu walikuwa wakikaribia boma wanasimama kichakani, wanavaa nguo za fahari, ndipo wanaingia kwa nyimbo. Mtu wa Tabora haingii mji kama mchunga mbuzi!

Nikalitoa kabuti. Nikalitoa blanketi zito. Nikaitoa fulana. Nikatia kanzu mbili nyeupe nilizozifua mwenyewe, kizibao cha darizi, kofia, shuka jembamba la kujifunika na viatu vipya ambavyo hajavivaa hata siku moja. Furushi likawa jepesi, zuri, la mviringo. Nikalipiga fundo. Kabuti na vitu vyake nikavirudisha chumbani kwa Bi Mdogo wakati yuko kisimani, nikavitupa nyuma ya mtungi.

Mlangoni mume wangu alilipima kwa mkono. "Mbona jepesi?"

"Nimekufungia kiutu uzima," nikasema. "Usinidadisi."

Hakunidadisi. Alicheka. Siku ile alinichekea mimi, na mimi nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bi Mdogo aliliona kabuti baada ya wao kwenda stesheni. Alilinyakua akatoka mbio, kanga inaburuta, watu wa Gongoni wote wakamwona anakimbia na kabuti la askari kichwani. Gari moshi lilikuwa limekwisha ondoka. Akarudi jasho linamtoka, akasimama mbele yangu.

"Dada, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ungenipiga mimi. Yeye kakufanya nini?"

Nikamfukuza kama kuku.

Yaliyotokea mlimani niliambiwa na mume wangu, na alinieleza mara moja tu katika maisha yake. Kigoma walitolewa kwenye gari moshi wakapandishwa moja kwa moja boti la yule Mzungu. Hakuna aliyejipamba, hakuna aliyeimba. Alilifungua furushi chini ya mlima, mbele ya wenzake. Kanzu! Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mdogo wangu akamwambia, "Shemeji, unakwenda kuoa huko juu? Mahari umebeba wapi?"

Akacheka naye. Angefanya nini? Duka hakuna, na mzigo wa saruji unamngoja.

Viatu vipya vilimchubua siku ya kwanza, akavivua akaenda peku kwenye mawe. Siku ya pili wakaingia ndani ya wingu, na wingu lenyewe likawa mvua. Kanzu ilimganda mwilini kama ngozi ya pili. Akavaa nyingine juu yake, nayo ikalowa. Nguo ya pamba ikilowa mlimani inakunyonya joto, nyinyi mnaopiga pasi mashati! Jioni alikuwa anatetemeka hata kikombe hakishiki. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Mdogo wangu akavua blanketi lake akamzungushia. Mume wangu akakataa. Mdogo wangu akamwambia, "Chukua wewe mzee! Dada yangu akiwa mjane atakuja kula kwangu, na anakula sana yule."

Ndilo neno lake la mwisho la utani. Juu ya mume wangu lilikuwa blanketi, juu ya mdogo wangu ilikuwa fulana moja iliyolowa. Asubuhi yake alianza kukohoa. Wakamshusha kwa machela. Kichomi kilimshika pande zote mbili za kifua. Hakuiona Kigoma tena. Amezikwa kule kando ya ziwa, na mimi kaburi la ndugu yangu silijui.

Mume wangu alirudi amekonda. Hakusalimia. Aliitupa kanzu miguuni pangu, imekuwa rangi ya tope. Mama yangu mzazi alikuwapo, amekaa kwenye mkeka, wafiwa wamejaa uani.

"Kabuti nililiona kwa macho yangu likiletwa kwako," mume wangu akasema. "Liko wapi?"

Vijana, hapo mlango ulikuwa wazi! Ningesema, "Ni mimi." Wangenipiga, wangenifukuza, basi. Mama yangu alikuwa ananitazama. Macho ya mtu aliyefiwa na mtoto asimzike. Ulimi wangu ukanigeuka.

"Nililitia," nikasema. "Bi Mdogo alilifungua furushi akalitoa. Aliona uchungu na mali yake."

Wafiwa wote wakamgeukia Bi Mdogo.

Bi Mdogo akasimama. "Si kweli. Nililikuta nyuma ya mtungi wangu. Nilikimbia nalo stesheni, mliniona!"

Wakamrukia wote. "Kama hukulitoa wewe, ulilipataje?" "Tulikuona nalo!" "Tena unajisifu!" Shangazi mmoja wa mume wangu akasema, "Fundo la mke mkubwa halijafunguka nyumba hii tangu babu zetu. Wa kulifungua ni mgeni." Basi ikawa hivyo. Siyo wizi wa kabuti tena. Sasa alikuwa amefungua furushi la safari, amewaletea mkosi, ameua. Wakamwita mchawi.

Alinitazama mimi peke yangu. Hakulia. "Dada, sema."

Nikasema. Nikasema, "Toka kwangu, mchawi wa Uha!"

Mama yangu akamlaani, na mimi nikaitikia amina. Niliitikia amina! Mume wangu akampa talaka jioni ile ile, Bi Mdogo akaondoka na mtoto wake mgongoni, kabuti wakamvika kwa nguvu wakamzomea mpaka relini.

Mkidhani nilimpata mume, mmekosea. Hakucheka tena, si kwangu, si kwa mtu. Alikula chakula changu kama anayelipa kodi. Amekufa akimwita Bi Mdogo muuaji. Mama yangu amekufa anamlaani. Watoto wangu wamekua wakitishwa kwa jina lake, wakilia tunawaambia Mha wa kabuti anakuja. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Sasa nyinyi mnaopanda milima. Siwaombi, nawaambia. Mlima haujali siku chache wala siku nyingi. Beba nguo ya sufu. Beba blanketi hata kama linakuchosha. Ya kulalia ifunge ndani ya kipande cha turubai, usiivae mchana hata ukiona baridi. Viatu vizoee mguu kabla ya safari. Shati lako la fahari liache nyumbani likungoje. Na mzigo wako ufunge mwenyewe! Usimwachie mama, usimwachie mke, usiogope kuambiwa unadharau mtu. Ukikosa kitu kule juu, hutateseka peke yako. Atakayekuvulia lake ni yule anayekupenda.

Na nyinyi wanawake mnaowekeana chuki ndani ya nyumba moja, sina la kuwapamba. Pigana naye. Mtukane. Lakini usipitishie chuki yako kwenye mwili wa mtu anayekwenda kwenye baridi. Na ukishakosa, sema siku ile ile. Mimi nilinyamaza, na kila mwaka niliokaa kimya nilikuwa namfukuza upya.

Nilipotoka stesheni sikumjali mgeni wangu wala chai. Niliwaita wanangu wote uani, wanaume kwa wanawake, na wake zao. Nikawaambia kama nilivyowaambia nyinyi, sikupunguza. Mwanangu mkubwa aliinuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akaniuliza, "Mama, unataka tukuombee msamaha?"

Nikamwambia, "Nani amekuambia nataka msamaha? Kesho panda gari moshi la Kigoma wewe na mdogo wako, kisha tafuteni lori la kwenda Uha. Ulizeni kijiji kwa kijiji mpaka mmpate. Mkimkuta hai, pigeni magoti mumwamkie shikamoo, na mseme: aliyelitoa kabuti ni mama yetu. Mkikuta kaburi, simameni hapo, waiteni watoto wake na majirani zake, mseme maneno hayo hayo kwa sauti. Na asiwepo wa kurudi kwangu kabla hajayasema."