Punje za Hamira na Mchi wa Jirani

Nilipopanga chumba Bagamoyo, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene, sikuwa na nia ya kukaa. Sina mazoea ya kukaa. Nimezaliwa Ubena, kando ya barabara kuu, na nadhani mngurumo wa malori uliniingia mapema. Niliacha shule kabla ya kumaliza la saba. Nimeuza maji Vigwaza, nimepalilia mananasi ya watu Fukayosi, nimepika mgahawani Pangani. Mahali nikishapazoea, naanza kuangalia mlango.

Pale Bagamoyo nilizuiwa na meza.

Ilikuwa ya mwalimu wa fizikia aliyepanga vyumba viwili mkabala na changu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwenye shati lililonyooshwa hata siku ya kufua. Chumba chake cha pili hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na hiyo meza tu, nzito, na kila mguu wake umesimama juu ya mpira wa ndani wa tairi uliojazwa upepo kidogo.

"Mwalimu, mbona meza umeivisha mipira? Inaogopa mafuriko?"

"Inaogopa malori, dada. Ingia uone."

Juu ya meza palikuwa na hadubini kuukuu, kamera, nyaya, na taa ndogo ya leza aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kuchomea DVD. Chini ya lenzi alikuwa ameweka tone la maji juu ya kipande cha kioo. Kwenye skrini ya kompyuta nikaona vijiduara vinaelea, vinatetemeka kama watu wanaosubiri matokeo. Ilikuwa hamira, ile ya dukani. Mwalimu akawasha leza. Kijiduara kimoja kilichokuwa kinapita kando kikavutwa, kikaingia katikati ya mwanga, kikatulia. Aliposogeza kioo polepole, vingine vyote vikapita kama abiria. Kile kimoja kikabaki.

Nikauliza mwanga una mikono tangu lini.

"Hauna. Ukipita ndani ya punje unapinda, na ukipinda unaisukuma punje. Inasukumwa mpaka penye mwanga mkali kuliko kwingine. Ikifika pale haina tena pa kwenda."

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani muda mrefu. Nimewahi kuhisi jua likinichoma, likinipofusha. Sikujua kwamba mwanga unaweza kusukuma kitu. Kuanzia hapo kila nikitoka kazini, maana nilikuwa nafanya usafi katika nyumba ya wageni, napitia kwa mwalimu. Nilijifunza kuchanganya tone bila mapovu. Hamira nilianza kuichukua kwa jirani, binti mmoja aliyekuwa anauza vitumbua barazani kwao. Alikuwa akiiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nami namwomba matone kabla hajaimimina kwenye mchele uliotwangwa.

Kwa mwalimu jambo hili halikuwa mchezo. Alikuwa ameomba kurudi chuo kikuu kusomea kazi hiyohiyo, na mara ya kwanza alikataliwa. Safari hii mhadhiri mmoja alikubali kupita Bagamoyo aone kwa macho yake. Mtambo ukiweza kushika punje na kuzipanga, atampokea. Ukishindwa, nafasi itakwenda kwa mwingine. Mwalimu hakuwa kijana tena. Alinieleza hayo huku anafuta lenzi ambayo ilikuwa safi tayari.

Tatizo halikuwa malori. Mipira iliyaweza malori. Tatizo lilikuwa mchi.

Upande wa pili wa ukuta, kwa yule binti, kulikuwa na kinu. Asubuhi unatwangwa mchele, baadaye iliki, baadaye sijui nini. Kila pigo lilipita sakafuni, likapanda meza, na punje ikachomoka kwenye mwanga ikaenda zake. Mwalimu anaitafuta, anaishika, pigo linakuja, imetoka. Kuzipanga tatu kwa mstari ilikuwa ndoto. Siku ya mgeni ilikuwa inakaribia naye akaanza kuacha chakula sahanini.

Siku moja narudi kutoka kazini, binti wa vitumbua akaniita huku anacheka mpaka kijiti cha kugeuzia kinamdondoka.

"Shoga, yule mwalimu wako ana haraka. Mwambie asubiri mama atoke eda ndiyo aje kuleta posa."

Nikakaa kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa amechoka kungoja, akaenda mwenyewe. Alibisha, hakusubiri kukaribishwa, akasukuma pazia akiwa amesimama, akaomba kelele zipungue. Ndani aliyekuwa anatwanga ni mama yake binti, kizuka, mwanamke aliyefiwa na mume na bado yumo ndani ya eda, asiyetoka wala kuonana na mwanamume asiye ndugu. Mama alijitupia kanga usoni na kuugeukia ukuta. Mwalimu alidhani amechukiwa, akatoka akirudi kinyumenyume, akaomba radhi kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Hukuniambia kuna msiba," aliniambia jioni, uso umemsawajika.

"Hukuniuliza, mwalimu. Na msiba haukuwekewa kibao."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe, usifanye kitu."

Nikaenda mimi. Nilivua viatu, nikapiga hodi, nikangoja. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, amevaa nguo nyeupe, kinu mbele yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Ubena kana kwamba ana ndugu huko. Nikampa pole upya. Tukanywa chai. Sikusema neno la meza mpaka aliponiuliza mwenyewe.

"Yule mwenzako anatafuta nini humu?"

"Alikuwa hajui, Bibi. Anaona aibu hata kupita mbele ya nyumba. Ana kazi yake, anashika hamira."

"Anaishika vipi?"

"Kwa mwanga."

Alinitazama. "Mbona asiishike kwa kijiko?"

Binti aliyekuwa mlangoni akacheka, na mimi nikacheka. Nikamweleza nilivyoweza, punje, tone, na jinsi pigo la mchi linavyoitoa. Nikamweleza na habari ya mgeni na nafasi ya chuo. Alisikiliza huku anapitisha kiganja kwenye mdomo wa kinu.

"Mashine ya kusaga ipo hapo kona," alisema. "Huyu ananiambia kila siku, mama, tupeleke mchele mashine. Hataki kuelewa. Marehemu alikuwa akisikia mchi ndiyo anajua chai iko karibu, anaanza kukohoa huko chumbani. Nikinyamaza, mwanangu, naisikia nyumba."

Nilishaondoka nyumba nyingi na hakuna hata moja niliyoisikia hivyo.

Nilipoaga akasema, "Siku ya mgeni wake uje uniambie. Nitanyamaza."

Mhadhiri alikuwa mama mrefu mwenye miwani, mpole lakini mwenye haraka. Alifika asubuhi, wakati ambao kwa kawaida mchele huwa umo kinuni. Mimi nilisimama karibu na ukuta. Mwalimu aliwasha leza. Akaikosa punje ya kwanza. Akaipata. Akaisogeza taratibu mpaka kando ya nyingine iliyotulia chini, akaiachia. Akaenda kuchukua ya tatu. Upande wa pili hapakusikika chochote, na mimi nilikuwa nasikiliza huko kuliko ninavyotazama skrini. Ya tatu ikakaa. Zikawa mstari mmoja mfupi, zimepangika.

Mhadhiri aliinama karibu na skrini, akatazama kwa kitambo.

"Nyumba yako ina utulivu mzuri."

"Si wangu, mama," mwalimu alisema. "Ni wa jirani."

Alimwuliza maswali mengine ambayo sikuyaelewa. Mwishowe akachukua mkoba wake akamwambia ajiandae kuja, na hiyo mipira aje nayo.

Sikungoja kupongezana. Nilipita kwa jirani, nikabisha hodi. Mama alikuwa palepale kwenye mkeka, mchi umelala mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. Mchele ulikuwa umeshavimba ndani ya maji.

"Kashika?"

"Kashika, Bibi. Kazipanga tatu, kama vitumbua kwenye sinia. Wamempokea."

"Alhamdulillahi. Basi tena?"

"Basi. Nimekuja kukuambia utwange."

Akainuka. Akachuja mchele, akautia kinuni, akaanza, polepole kwanza, kisha kwa kasi yake ya siku zote. Nilikaa kidogo nikimsikiliza, halafu nikarudi.

Mwalimu alikuwa peke yake na hakuwa amezima mtambo. Kwenye skrini alikuwa ameshika punje moja. Kila mchi uliposhuka, punje ilitikisika, ikataka kutoka, ikarudi katikati. Kisha pigo moja likaichomoa, ikaenda. Akaifuata bila haraka, akaishika tena.

Nilivuta kigoda nikakaa kando yake. Nilikaa Bagamoyo mpaka mama alipotoka eda.