Sinia la Mafaili

Katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mwani nilikoanzia kazi, kila ofisa aliivaa kazi yake shingoni. Ramani za mashamba ya baharini, kumbukumbu za vikao, mikataba ya vikundi, vyote vilikaa ndani ya flashi zilizoning'inia kwa kamba, na mwenye flashi akisafiri, kazi husafiri naye. Mwanamke aliyevuka maji kutoka kisiwa cha Juani kuja kuulizia jambo lake aliambiwa, "Mwenyewe hayupo," naye akageuka na kurudi. Hakuna aliyeona haya. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nikiamini kwamba taarifa za wananchi ni mali ya wananchi, na nikadhani wenzangu walipungukiwa na vifaa tu.

Kulikuwa na kompyuta kubwa iliyoletwa na wafadhili, ikaachwa ndani ya boksi lake stoo, chini ya magunia na vinyesi vya mijusi. Niliiomba, nikaisafisha, nikaigeuza kuwa seva. Ndani yake nikaunda mashine pepe, yaani kompyuta zisizoshikika, kila moja ikijiendesha kana kwamba ina mwili wake. Moja katika hizo niliipa, kama mtumishi mwaminifu, wajibu wa kutunza mafaili ya ofisi nzima, ili kila meza iyafikie kwa waya, na ikiharibika irudishwe kutoka katika nakala yake bila kuzigusa nyingine. Siku zile nilitembea kama bwana harusi.

Kikaoni nikatafuta mfano wa kuwaeleza. "Ni kama sinia," nikasema. "Chakula ni kimoja, sote tumelizunguka."

Ofisa wa ramani, mtu mzima mwenye mizaha, akanitazama. "Kijana, kwani kwenu Kiegeani sinia huliwaje? Si kila mtu hula mbele yake? Na anayevusha mkono mpaka kwa mwenzake, mwamwitaje?"

"Mroho!" wakaitikia, chumba kikajaa kicheko.

Mkuu wa ofisi akafuta machozi ya kucheka. "Basi mgawie kila mtu upande wake, fundi. Na kila upande uwe na kufuli."

Mfano ulikuwa wangu, sikuwa na pa kutokea. Nikamwekea kila ofisa folda yake na nywila yake. Mimi peke yangu, kwa kuwa ndimi msimamizi wa seva, niliweza kupita kote. Folda moja tu ikabaki ya wote, nayo baada ya muda mfupi ikajaa video za harusi, tamthilia za Kituruki, na picha za maofisa wakiwa semina, kila mmoja na sahani iliyofurika. Siku moja nilikuta seva imechomolewa ili birika lichemke. "Si ilikuwa imelala tu?" akasema aliyechomoa, akanikaribisha chai. Sikuweza kuinywa.

Kisha asubuhi moja akaja kiongozi wa kikundi cha wanawake wa Juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia siku hizi mafaili mmeyaweka pamoja. Nikasema alhamdulillahi, leo sirudi mikono mitupu."

Mwekezaji alikuwa ameomba njia ya boti zake, na njia hiyo ilipita juu ya kamba zao za mwani. Kikao cha kijiji cha kuamua kilikuwa kesho yake. Bila ramani ya mashamba yao, wangekwenda kubishana na mchoro wa mwekezaji kwa midomo mitupu, na shamba ndilo lililowalisha watoto wao. Ramani ilikuwa kwenye folda ya ofisa wa ramani. Ofisa alikuwa Dar es Salaam, na simu hapokei.

Nikaenda kwa mkuu.

"Mwenyewe atarudi," akasema.

"Kikao ni kesho, mzee."

"Adabu ya kazi, bwana mdogo. Usivushe mkono."

"Mgeni akikaa siniani, mzee, nani humsogezea kitoweo?"

"Mwenye nyumba. Na hapa mwenye nyumba ni mimi." Akarudi kwenye simu yake, akiendelea kucheka na mtu wa upande wa pili.

Nilisimama pale nikiwaza. Ramani ile ilipimwa na wanawake wenyewe, maji kiunoni, huyu akishika kamba na yule akichomeka vigingi. Ofisa alikaa ndani ya boti akiandika. Nikasema, "Mzee, nitaifungua, na nitaandika kwamba aliyefungua ni mimi." Hakuinua macho, nadhani hakuamini.

Nilipoifungua folda nikaiona ramani imekamilika zamani. Kando yake zilipangwa ramani za vikundi vingine, nazo zimekamilika, za watu wale wale niliowasikia wakiambiwa kila wajapo kwamba kazi bado inashughulikiwa. Nikahisi kama niliyefunua chungu nikakuta chakula kimeachwa mpaka kikachacha ilhali wenye njaa wamekaa mlangoni. Nikachapa ya Juani. Mama yule akaweka kidole juu ya karatasi, akafuata mstari taratibu. "Hapa ndipo petu," akasema, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulipata habari kwa simu: njia ya boti ilisogezwa pembeni, mashamba yakabaki.

Ofisa wa ramani aliporudi hakuuliza kikao kiliamua nini. "Umefungua upande wangu," akasema.

"Nilifungua upande wao."

"Sasa watu wa Juani watanijia kwa lipi?"

Safari hii hakufanya mzaha. Aliuliza kwa uchungu wa kweli, na wenzake wakatikisa vichwa kumwonea huruma. Uovu wa kuficha ningeweza kuuelewa. Huzuni ile ya kunyang'anywa wanyonge wa kukusubiri ilinitia kinyaa kuliko vinyesi vyote vya stoo.

Mkuu akanitaka nywila ya msimamizi. Nikampa. Alasiri nilikaa mbele ya skrini nikitazama majina ya mafaili yakiondolewa moja moja, maofisa wakiyarudisha kwenye flashi zao, mpaka zikabaki harusi na tamthilia.

Simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mwanamke wa kikundi kingine. "Mwanangu, nasikia huko ramani hutolewa siku hiyo hiyo. Ni kweli?"

Nikamwambia yao imekamilika, nimeiona kwa macho yangu. Aje na wenzake wote, na wakiambiwa mwenyewe hayupo, wakae mlangoni.