Rafu ya Marehemu Aurelio

Nélida Bruzzone alisomea ukutubi katika jiji la Rosario, Argentina, na aliporudi kwao San Ubaldo alikuta maktaba ya mtaa imepangwa kwa koo. Si kwa mada, kwa koo! Wanaojitolea, wakiongozwa na Osvaldo, mwoka mikate mstaafu, walikuwa wameweka kila kitabu chini ya jina la familia iliyokitoa. Mwanafunzi akitaka magonjwa ya ngano, sharti kwanza ajue nani alikuwa na shamba.

"Mgeni je, atafanyaje?" Nélida aliuliza.

"Atauliza," Osvaldo akajibu, akimpa kibuyu cha chai chungu ya majani ya mate. "Kwani hana mdomo?"

Nélida akazipangua rafu zote. Ya mwisho ilikuwa ya marehemu Aurelio, mkuu wa stesheni, aliyekuwa akivika kila kitabu chake karatasi ya kaki, hata jina lisionekane. Alivivua kimoja kimoja, kwa hamu ya mtu anayefunua sufuria za jirani, akatupa karatasi, kisha akapeleka kila kitabu penye mada yake.

Alhamisi akaja mjane wake, Bi Elvecia, kukaa mbele ya rafu ile kama ilivyokuwa desturi yake. Akakuta vitabu vya kilimo.

"Wewe binti, umempeleka wapi mume wangu?"

Aibu ikampanda Nélida. Chuoni walifundishwa kuandika kitabu kilitoka kwa nani. Yeye akadhani hayo ni ya watu mashuhuri. Sasa hata hakujua tena ni vitabu vipi vilikuwa vya Aurelio.

"Osvaldo, nisaidie kuvitambua."

"Ahaa! Leo tumekuwa watu?" Lakini tayari alikuwa anawaita wenzake. Walivitambua kwa harufu ya tumbaku na madoa ya wino wa stesheni. Nélida akaingiza jina la Aurelio kwenye kompyuta, bila kuhamisha kitabu hata kimoja.

Alhamisi iliyofuata alimkalisha Bi Elvecia mbele ya kioo cha kompyuta, akaandika jina la mumewe. Vitabu vikajipanga, kila kimoja na mada yake: reli, nyuki, hali ya hewa, dansi, dansi, dansi.

"Dansi?" Bi Elvecia akasogeza miwani. "Mzee huyu? Kila harusi aliniambia goti linamuuma!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko tu. Kisha akainuka.

"Viko rafu gani, mwanangu? Nataka nione alifika ukurasa wa ngapi."