Dawa ya Kukaa Macho

Sindano ya mashine iliingia kwenye kidole changu mchana kweupe, mteja akiwa amesimama mbele yangu akisubiri blauzi yake. Nilikuwa nimelala. Mguu uliendelea kukanyaga, kitambaa kikaendelea kwenda, na mimi sikuwepo. Mteja alipiga kelele kabla yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa nguo hapa mtaani Kadutu, na nilikuwa nikilala hivyo tangu shule ya sekondari. Nililala kwenye misa. Nililala nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Nililala kwenye matanga ya shangazi yangu na watu wakasema sina uchungu. Mama alinipeleka kwenye chumba cha maombi tufunge siku tatu, nikalala zote tatu. Nyumbani waliniita mvivu, kisha wakachoka hata kuniita.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, hakuniita hivyo. Yeye aligundua jambo jingine: nikicheka sana magoti yananilegea, nadondoka chini macho wazi, huku nasikia kila kitu. Basi akiwa na habari ya kuchekesha kutoka shuleni, kwanza alinivutia kiti. "Ikala kwanza, maman," alisema. "Hii ya leo iko mubaya."

Binti yetu alikuwa na miaka minane. Akitaka kunieleza jambo, alinishika kidevu na kunitazama machoni mpaka maneno yake yaishe, ahakikishe bado nipo.

Baada ya ile sindano, mume wangu alichukua daftari akaandika kwa mwezi mzima: saa niliyolala, kazi niliyokuwa nayo mkononi, muda niliochukua kuamka. Tukapanda gari mpaka hospitali ya Katana, ambako tulisikia amekuja daktari wa magonjwa ya ubongo. Alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alisoma daftari lote bila haraka, kisha akauliza, "Maman, wakati unacheka, magoti inalegea?"

Nikalia. Miaka yote ile, katika wote walioniombea na kunigombeza, hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Alisema ni ugonjwa, uko kwenye ubongo, si malale ya mbung'o, wala hakuna mtu aliyeniroga. Dawa ya kuuponya hakuna, ila ipo ya kunisaidia kukaa macho. Alinisikiliza moyo kwa muda mrefu, akapima presha, akauliza kama kwetu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, maana dawa hiyo huukimbiza moyo.

"Kimoja asubui, kimoja saa sita," akasema. "Kisha hapo hapana, utakosa usingizi ya usiku. Usimupe mutu, hata ndugu yako. Na usiongeze weye mwenyewe. Hii dawa mutu anaweza kuizoea vibaya."

Mjini kwetu vidonge hivyo havikupatikana. Vililetwa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa karatasi aliyoandika yeye.

Siku ya kwanza nilingoja kama nusu saa nione nini kitatokea. Ilikuwa kana kwamba mtu amezima redio iliyokuwa ikivuma kichwani mwangu tangu usichana. Nikashona mkono mmoja wa gauni, nikashona wa pili, nikashangaa kwamba wa kwanza naukumbuka. Jioni binti yangu alinieleza ugomvi wa darasani kwao, ugomvi mrefu wenye watu wengi na kalamu moja iliyopotea. Katikati ya habari mkono wake ulishuka kutoka kidevuni kwangu. Yeye hakujua kwamba ameniachia. Mimi niliona.

Lakini dawa nayo ilikuwa na yake. Mdomo ulikauka, bugali haikupita, sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Nikawa mkali. Nilimfokea mtoto kwa pindo alilolishona kombo kwenye kitambaa cha kuchezea tu. Nikawa nafanya kazi kwa kasi, na ile kasi ikanipendeza.

Msimu wa harusi ulipofika, nilipokea sare za kundi zima la akina mama. Siku moja nikanywa kidonge cha tatu, saa tisa. Sikumwambia mtu. Wiki ile ile nikafika vitano. Sare zilikuwa nyingi kweli, ila sababu haikuwa sare. Nilikuwa nafikiria miaka niliyolala, nami nilitaka irudi yote.

Ikafika alasiri ambayo mikono ilitetemeka nisiweze kutia uzi, na moyo ulipiga mpaka niliuona juu ya kitambaa cha blauzi. Nikampigia mume wangu simu. Alikuja mbio, chaki bado vidoleni, akaniwekea kiganja mgongoni.

"Umekunywa ngapi?"

Nikageukia mashine, nikaanza kuviringa uzi.

"Maman, mi siko polisi. Uniambie tu."

"Tano."

Hakugomba. Alinipeleka hospitali ya karibu, presha ikakutwa juu sana, wakanilaza mpaka ikashuka. Kesho yake tulimpigia yule daktari. Nilitegemea kukaripiwa. Yeye aliuliza sababu tu, nami nikamweleza habari ya ile miaka niliyolala.

"Ile miaka haiko mu hii dawa, maman," akasema. "Itakusaidia leo, na hata leo haitakuwa yote."

Alipunguza: kimoja asubuhi, nusu ya kidonge saa sita, na katikati yake usingizi mfupi wa saa maalumu. Presha nipime kila mwezi. Mimi mwenyewe nilimwomba mume wangu akae na vidonge. Alijifunza kupika uji wa soya asubuhi na mapema, nipate kula kabla dawa haijanikata hamu ya kula. Uji wake una mabonge, na ninaumaliza. Binti yangu nilimwomba msamaha kwa ule ukali. Alifikiri kwanza. "Ulikuwa unasema mbio mbio, maman," akajibu, akaenda zake kucheza.

Mwaka huu mpaka ulifungwa siku kadhaa na vidonge vikaisha. Siku ya pili bila dawa alikuja mama mmoja kupimwa gauni, na nilihisi usingizi unapanda. Zamani ningesingizia homa.

"Maman, niko na ugonjwa ya usingizi," nikamwambia. "Nitalala sasa hivi, dakika makumi mbili. Ukitaka, rudia kesho."

Alinitazama, akaweka kikapu chake chini, akavuta kigoda mpaka mlangoni.

"Lala," akasema. "Batu bakikuja, nitabaambia bangoje."

Nilipoamka alikuwa bado pale mlangoni, akichambua maharage kwenye kanga yake, na wanawake wawili wamekaa kando ya ukuta wakiongea kwa sauti ya chini.