Nguvu za Kuachia

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomvunja kidole mjomba wangu, naye akiwa tayari ni maiti. Nakwambia mapema usije ukadhani nasimulia ili unisifu. Nilikuwa kidato cha tano, nipo likizo Kinole, nina ndevu tatu na maneno mengi. Miaka ile ya Ujamaa wanafunzi wa sekondari kijijini tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa mkimya, kwa hiyo maswali yote ya dunia niliyajibu mimi.

Mjomba Anselmi, kaka yake mama, alitoka asubuhi peke yake kwenda kupalilia migomba yake huko juu. Zamu yake ya shamba la kijiji ilikuwa imepita. Ya mkewe, Paulina, ilikuwa siku hiyo. Alasiri wakamkuta amelala ubavu kwenye mteremko, mwili umekwisha kukakamaa. Ulikuwa moyo, nadhani leo, maana alilalamika kifua tangu Kwaresima. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani, na ngumi imefumbata kipande cha kanga ya Paulina, kile alichofungiwa mihogo ya kuchemsha.

Tukamleta nyumbani, akalazwa mkekani. Kwetu maiti hunyooshwa, kisha mikono huwekwa kifuani na rozari huzungushwa vidoleni. Mkono wa kushoto ulikubali kwa shida. Wa kulia ukagoma. Hapo mama mkubwa, dada yao wa kwanza, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni alikokaa mjane:

"Amemshika aliyemmaliza. Mnataka ushahidi gani tena?"

Mtu mmoja akakumbusha kwamba Paulina alishinda kwenye shamba la kijiji, watu wote wakimwona.

"Mchawi ana haja gani ya kutembea?" akajibu mama mkubwa. "Aondoke leo leo. Ndugu yangu hazikwi huyu akiwepo."

Uelewe hali ilivyokuwa. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Ile nyumba na ile migomba ilikuwa ya ukoo wetu, na Paulina alikuwa mtu wa kuja, ameishi hapo nusu ya umri wake bila kupata mtoto. Angetoka kwa jina la uchawi, hakuna kijiji milimani ambako jina hilo lisingefika kabla yake. Asingepata pa kulala.

Nami nikasimama. Muhula ule tulikuwa tumesoma habari za msuli. Mwalimu alituchorea ubaoni nyuzi za aina mbili, nene na nyembamba, zimelala sambamba. Uzi mnene una vichwa vidogo vingi mno. Kila kimoja hushika uzi mwembamba, huuvuta kidogo, huuachia, kisha hushika mbele zaidi. Fikiria watu wanaovuta gogo kwa kamba, mkono huu na mkono ule. Nyuzi zenyewe hazifupiki, hupishana tu, na kwa kupishana kwake msuli mzima hujikunja. Vichwa hivyo ni protini, na hutumia nishati tunayoipata kwa chakula na pumzi. Mtu akifa nishati hukatika na misuli hukaza. Hayo yote niliyajua.

"Acheni ujinga," nikawaambia wazee, mimi niliyekuwa nawaamkia kwa kuinama. "Hii ni biolojia. Mchawi hayumo."

Nikapiga magoti, nikakamata kidole cha shahada cha mjomba, nikakivuta ili wote waone. Kikalia tak. Kanga ikabaki palepale.

Wanawake walipiga mayowe. Mama mkubwa hakupiga. Alisema polepole, "Mmeona. Mfupa umekubali kuvunjika, mkono umekataa kumwachia." Kabla yangu Paulina alikuwa na watu wa kumtetea, baada yangu wote wakatazama chini. Naona haya hadi leo.

Alikuwepo Babu Kasiani, mkubwa wa ukoo, aliyeosha maiti za wanaume kijijini tangu enzi za Mwingereza. Aliagiza maji ya moto na kitambaa, akakanda bega na kiwiko taratibu, ngumi akaiacha ilivyo. Kisha akaniinulia macho.

"Mjukuu wangu, kitabu chako kinasema ngumi hii itafumbuka lini?"

Sikujua. Mimi nilisoma mpaka pale msuli unapokaza, na mtihani haukuuliza zaidi.

"Basi wewe unajua kwa nini imefumba, hujui itafumbuka lini. Mimi najua itafumbuka lini, kwa nini sijui. Sasa nani kati yetu alikutuma uivute?"

Akawageukia wengine. "Ndugu zetu wa Mwembesongo hawajafika, kwa hiyo tunazika kesho alasiri. Paulina anabaki. Ikifika saa nane mchana ngumi bado imefumba, fanyeni mtakalo. Ikifumbuka, sitaki kusikia neno."

Kesho yake nilikaa kibarazani tangu asubuhi. Paulina akapita na ndoo ya maji ya waombolezaji. "Shikamoo, mkaza mjomba," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akaitika kama siku zote, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi. Saa nne ngumi ilikuwa bado. Saa sita bado, ila Babu aligusa taya na shingo, akasema, "Huku kumelegea. Kulegea kunashuka kuelekea mkononi." Mama mkubwa alikuwa amekwisha kufunga nguo za mjane kwenye shuka na kuziweka mlangoni.

Saa saba na nusu Babu alipenyeza kidole gumba chake ndani ya ile ngumi, bila kuvuta, na vidole vikamfuata kimoja baada ya kingine. Mama mkubwa alitazama, akatoka nje. Baadaye niliona lile furushi limerudishwa chumbani.

Babu akamwita Paulina achukue kanga yake.

"Alikufa nayo, mwacheni nayo," akasema Paulina. Akairudisha kiganjani, akazungusha rozari, akavikunja vidole. Vyote vilikunjika isipokuwa nilichokivunja mimi, kilichokuwa kikirudi upande. Akakishikilia kwa mkono wake mpaka walipokuja na jeneza. Hakunitazama hata mara moja.

Paulina aliishi katika nyumba ile hadi uzee wake, na hakuna aliyemgusa. Nami shule ilipofunguliwa nilimfuata mwalimu. Akanieleza kwamba vile vichwa havihitaji nishati ili kuvuta tu. Vinaihitaji hata kuachia. Ikikatika, hubaki vimeng'ang'ania uzi mpaka nyama yenyewe ianze kuharibika. Kwa hiyo mjomba hakuwa amemkamata mtu. Alikuwa ameishiwa nguvu za kuachia. Miaka mingi baadaye, nami nikifundisha, nilisoma kwamba ndani ya seli zetu mna protini nyingine za namna hiyo zinazobeba mizigo hatua kwa hatua juu ya njia nyembamba, mithili ya akina mama wa Kinole wakishusha ndizi mjini. Nazo hazipigi hatua bila kuinua mguu ulioshika.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukijua jambo nusu, sema wazi kwamba ni nusu, hasa pale maisha ya mtu yanaponing'inia kwenye maneno yako. Usitumie mwili wa mwenzako, wala msiba wake, kuonyesha ulichosoma. Na ukimkuta mtu ameng'ang'ania hasira au neno baya, usimvute mbele za watu. Huenda hana nguvu za kuachia. Mkande kwa maji ya moto, umpe siku.

Mungu akupe akili ya kusoma na subira ya kumaliza ulichoanza kusoma. Akuepushe na kosa lisilokuwa na wa kumwomba radhi, maana mimi nilipopata ujasiri wa kurudi kwa Paulina, nilionyeshwa kaburi.